Deni Lisilotumiwa Meseji

Ukimpelekea mwenye duka la rejareja programu ya hesabu, swali lake la kwanza haliwi la bei. Atakuuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama mambo hayo yanafika TRA. Nimeulizwa hivyo Mbagala, nimeulizwa Tandika, nimeulizwa hata na mtu ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayajafika shilingi milioni 4, kiwango ambacho chini yake kodi ya makadirio haimgusi. Huwa najibu kwamba hesabu zake hazipelekwi huko, kisha naongeza kwamba mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu mara nyingi hukadiriwa kwa nafuu kuliko asiyetunza. Ananisikiliza kwa adabu, halafu anamgeukia mteja. Mimi nabaki pembeni ya dirisha la nondo, na karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii nimeyapata nikiwa nimesimama pale.

Tazama duka la Mangi saa moja jioni. (Mtaani kwetu kila mwenye duka ni Mangi, awe Mchaga au asiwe.) Mtoto katumwa unga nusu kilo na kiberiti, kijana wa bodaboda anataka vocha, dada mmoja anataka mafuta ya kupima, na nyuma yao kuna mtu anayegonga nondo kwa sarafu kwamba ana haraka. Mikono ya Mangi ni miwili, na yote ina kazi: inapima, inafunga, inarudisha chenji. Nani atabonyeza simu kila kinapouzwa kiberiti? Programu nyingi za maduka zinaanzia kwenye kuandika mauzo kwa sababu waliozijenga walikuwa na picha ya supamaketi vichwani mwao, mashine ya kusoma alama za bidhaa ikilia mezani. Duka la Mangi halina mashine hiyo, na sukari yake ya robo haina alama.

Kwa hiyo sisi, tulipojenga programu yetu, tuligeuza mambo. Huandiki ulichouza, unaandika ulichonunua. Mzigo hufika asubuhi duka likiwa limetulia, risiti ya duka la jumla ikiwa mkononi, na bidhaa zenyewe si nyingi. Usiku unahesabu pesa iliyopo na kupitisha macho kwenye rafu, mauzo yanajitokeza yenyewe. Wala si uvumbuzi wetu. Wenye maduka walikuwa wakifunga hesabu hivyo kabla hatujazaliwa. Luca Pacioli naye, mtawa aliyechapisha Venice mwaka 1494 kitabu kilichofundisha namna ya kuweka vitabu vya hesabu pande mbili, hakubuni njia ile. Aliandika walichokuwa wakikifanya wafanyabiashara wa mji ule. Nampenda kwa hilo kuliko kwa hisabati yake.

Simu tunazozikuta dukani zimejaa picha na video za harusi, hazina nafasi ya kupakua kitu kingine. Ndiyo maana tulichagua programu inayofunguka kwenye kivinjari, inayohifadhi kurasa zake humo humo na kuendelea kufanya kazi bando likiisha. Taabu inaanza pale mwenye duka na kijana wake wanapoandika kila mmoja kwenye simu yake, wote bila mtandao. Mtandao ukirudi, mmoja anasema sabuni zimebaki 12, mwingine anasema 9. Nani asikilizwe? Daftari lilikuwa na jibu. Ndani ya daftari la duka hakuna kinachofutwa. Kilichokosewa hupigwa mstari mmoja na kinaendelea kusomeka chini ya mstari huo. Nasi tukaacha kutuma jumla. Kila simu inatuma matukio tu, zimeingia kumi, tatu zimekwenda nyumbani, na hata yakifika kwa kupishana, hesabu inakuwa ile ile.

Sukari ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mfuko wa kilo 50, ukiupima robo robo, kwa karatasi unatoa robo 200. Dukani hazitimii. Mzani unayumba, punje zinamwagika, mteja wa siku zote anatupiwa kijiko cha nyongeza, na mwenye duka mwenyewe anachota ya chai ya nyumbani. Programu isiyojua hayo itaandika kwa rangi nyekundu kwamba kilo moja na ushee imepotea, na mwenye duka akishaona nyekundu anamtazama kijana aliyetoka naye kijijini, anayelala humo humo dukani. Tarakimu inaweza kumfukuzisha mtu kazi. Kwetu kila bidhaa inayopimwa ina sehemu ya upungufu wa kawaida, anaijaza mwenye duka kwa uzoefu wake, na matumizi ya nyumbani yana mstari wake. Hatuweki nyekundu popote.

Kisha madeni. Kila mtu aliyeiona programu ofisini alitaka kitu kimoja: meseji ijitume yenyewe kwa mdaiwa tarehe ikifika. Ni kazi rahisi kuijenga, mchana mmoja inaisha. Nilipomweleza mama mmoja mwenye duka, alinitazama kama mtu aliyetaka kumchomea biashara. "Mwanangu, nikimtumia hiyo meseji, kesho atapita upande ule wa barabara. Atanunua kwa mwenzangu. Nitakosa deni na mteja nitamkosa." Yeye hudai kwa kuulizia hali ya watoto. Mwezi ukiisha anasema tu kwamba mzigo wa mchele umepanda bei, na mdaiwa mwenyewe anaingiza mkono mfukoni.

Kitufe cha meseji kipo, lakini kimezimwa mpaka mwenye duka akiwashe kwa mkono wake, mdaiwa mmoja mmoja. Majina yenyewe yana uzito mwingine. Yalipokuwa kwenye daftari chini ya kaunta, siri ya nani anakula kwa mkopo ilikuwa ya watu wawili. Sasa iko kwenye kompyuta ambayo hawatakaa waione, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhesabu sisi kuwa na dhamana juu yake. Wengi wanaandika "mama wa kona" au "fundi", nasi hatuwalazimishi kuandika jina kamili wala namba ya simu.

Yule mama alinipa kazi nyingine baadaye. Jirani yake alifiwa na mume, naye akapiga mstari deni lote la nyumba ile. Akataka programu nayo iweze kusamehe, bila kuuliza sababu. Mwenzangu, aliyesomea uhasibu, aliliweka deni hilo kwenye hasara. Mama akalikataa: yeye hajapata hasara, ametoa. Tukalihamishia kwenye matumizi, akalikataa tena. Sasa lina mstari wake peke yake, chini kabisa ya ukurasa, usioongezwa wala kupunguzwa kwenye faida ya mwezi. Mwenzangu bado ananung'unika kwamba mhasibu yeyote atatucheka, na kwa vitabu vya uhasibu yuko sahihi.