Gramafoni ya kale: usiandike mwaka kabla ya kuigeuza

Leo tuziache tarakilishi kidogo tuzungumzie gramafoni. Wengi wetu tukiona pembe kubwa ya shaba na picha ya mbwa anayesikiliza, tunasema "HMV ya kale" na mambo yamekwisha. Hayajaisha.

Angalia kwanza mashine inacheza nini. Ile ya Thomas Edison ya mwaka 1877 ilinasa sauti kwenye silinda iliyozungushiwa karatasi ya bati; silinda za nta zikafuata. Sahani bapa zililetwa na Emile Berliner mwaka 1887. Kisha tazama pembe. Victrola za kuanzia mwaka 1906 ziliificha ndani ya kabati, na HMV 102 ya mwaka 1931, ile ya kubeba kama sanduku la safari, haina pembe ya nje kabisa.

Kwa nini nayaandika haya? Shangazi yangu wa Mombasa aliachiwa gramafoni ya pembe na marehemu mumewe. Alipata mnunuzi, akaniomba nimwandikie maelezo: "HMV halisi, mwaka 1912." Pesa zilikuwa za karo ya kitindamimba wake.

Nikaigeuza. Sanduku lilikuwa limekazwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba, ambazo zilianza kuenea katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Skrubu moja yaweza kuwa ya fundi aliyeikarabati. Lakini zote zilikuwa hivyo, mbao zilikuwa mpya, mbwa alikuwa wa kubandika, na mota yenye kamani ilikuwa imetolewa kwenye gramafoni ya kubeba. Mashine za aina hii zimeundwa kwa wingi nchini India: mota kuukuu, sanduku jipya, pembe inayong'aa.

Nikaandika kama ninavyopanga hifadhidata, safu mbili: nilichokiona, na ninachokidhania. Mwaka 1912 haukupata nafasi katika safu yoyote.

Shangazi alisoma, akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo marehemu alinidanganya, mwanangu?"

"Hilo skrubu haziwezi kusema, shangazi. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo."

Mnunuzi alipoyapata maelezo hakupiga simu tena. Karo tunaichanga sisi jamaa.

Kama mnayo nyumbani, msianze kuisugua. Pigeni picha pembe, mkono wa sindano, upande wa chini na mota. Nakilini kila nambari na kila neno kwenye bamba, hata lililofutika nusu. Sahani nazo zina nambari zilizochorwa karibu na lebo, ziandikeni. Mkikuta sahani nene ya Edison Diamond Disc, msiichezeshe kwa sindano ya chuma: mifuo yake imechongwa kwenda juu na chini, na sindano hiyo itaiharibu.

Wala msichukue umri wa sahani kuwa umri wa mashine. Siti binti Saad alirekodi kwa HMV mjini Bombay mwaka 1928, lakini sahani zake zingeweza kuchezwa kwenye mashine iliyotangulia mwaka huo au iliyokuja baadaye. Nafasi ya mwaka iacheni wazi mpaka mpate ushahidi zaidi ya mmoja.