Mshtakiwa Asiye na Utetezi

Mara ya kwanza niliitazama Vioja Mahakamani mwaka 1993, mjini Tarime, nyumbani kwa shemeji yangu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni wakati huo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, nasi tulisubiri hadi 1994. Lakini Tarime iko karibu na Sirari, na mawimbi ya Kenya yalivuka mpaka bila kuulizwa hati ya kusafiria. Shemeji alikuwa na runinga ndogo isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari, na jioni ile sebule ilijaa majirani hata nikakosa pa kukaa. Nilitazama nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilichokiona kilikuwa chumba kimoja tu. Meza ya hakimu, kizimba, benchi, mwendesha mashtaka na mafaili yake. Hakuna aliyekimbizwa, hakuna aliyeanguka tope. Hakimu hakuchekesha, wala mwendesha mashtaka. Wao walikuwa kazini, na kazi yao waliifanya kwa uso usio na tabasamu, kwa Kiswahili cha ofisini: unashtakiwa kwa kosa hili, je, unakubali au unakana? Kisha mshtakiwa akafungua kinywa, na Kiswahili cha nyumbani kwao kikaingia mahakamani bila kuvua viatu. Sebule nzima ikalipuka.

Nilirudi Kasulu nikiwa na jambo la kufikiria. Mimi ni Muha, mzaliwa wa Kitanga, na Kiha ndicho nilichonyonya. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mbali na kwetu, wenzangu walikuwa wakinisubiri niseme "kulala" ili wanicheke, kwa sababu kinywani mwangu l ilikuwa r. Nilijifungia na kitabu, nikajisomea kwa sauti usiku baada ya usiku, hata nikaiondoa. Nilipohitimu hakuna aliyeweza kukisia nilikotoka. Nilijivunia hilo kwa miaka mingi, na sasa ninaliandika kwa haya.

Nirudi kwa igizo. Wahusika wake wana majina ambayo mshairi angeyaonea wivu: Othorong'ong'o Danger, Masanduku arap Simiti, Ondiek Nyuka Kwota, Tamaa bin Tamaa. Ukiyataja tu umeshaanza kughani. Lakini aliyenikaa moyoni ni Ojwang', mzee mwenye Kiswahili cha Kijaluo, ambaye kwake shida ni "sida" na shamba ni "samba". Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Jambo hili lilinishangaza, kisha likanifundisha. Mkikuyu naye ana mvutano wake na r na l. Mtu huyu aliiweka kando lafudhi aliyozaliwa nayo, akaibeba ya jirani kwa makini kiasi kwamba Waluo wenyewe walimkubali kama mzee wao. Pembeni yake alikuwapo Mama Kayai, yaani Mary Khavere, mwenye ulimi ambao hakuna hakimu aliyeuweza.

Mbona igizo hili limedumu? Lilianza enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijawa KBC mwaka 1989, na vizazi vimepita mbele yake. Sababu moja ni ya mfukoni: chumba kimoja hakina gharama kubwa. Lakini ninyi wasomaji, mlio washairi, mtaiona sababu nyingine kabla sijaimaliza kuieleza. Kesi ina bahari yake. Shtaka husomwa, mshtakiwa hukana, shahidi hutoa ushahidi, hukumu hutolewa. Ni yale yale kila wiki, kama mizani na vina, na maneno ya hakimu hurudi kama kibwagizo. Ndani ya ukuta huo mtu hupewa nafasi ya kutapatapa. Ukisikiliza vizuri utasikia wanavyokatizana, wanavyorudia, wanavyotafuta neno na kulikosa na kuchukua lingine lililo bora zaidi. Ni malumbano, ila mmoja amevaa joho.

Na lipo jambo la lugha yenyewe. Nchini Kenya lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza. Kwetu mahakama ya mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili siku zote, lakini huko juu ilitubidi tusubiri sheria ya mwaka 2021 ndipo Kiswahili kitambuliwe kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo mahakama ile ya runinga ilikuwa mbele ya mahakama halisi kwa miongo kadhaa. Mtu wa kawaida alisimama pale akajitetea kwa maneno aliyokuwa nayo, na mheshimiwa akalazimika kumwelewa.

Mwaka 1994 niliandika mchezo wangu wa mahakama kwa ajili ya sherehe ya kidato cha nne. Kosa lilikuwa wizi wa mkungu wa ndizi. Hakimu nilimpa kijana mwenye Kiswahili cha Dar es Salaam. Mshtakiwa nilimpa kijana mpole kutoka milimani huko kwetu, na katika karatasi yake niliandika "nirikuwa nimerara" kwa mkono wangu mwenyewe.

Katika mazoezi alisoma, "Nilikuwa nimelala." Nikamsimamisha. Nikamwambia asome kama ilivyoandikwa. Akasema tena, kwa ufasaha kabisa, "Nilikuwa nimelala, mwalimu," akanitazama. Mara ya tatu akasema nilivyotaka.

Siku ya sherehe ukumbi ulicheka hata mkuu wa shule akajifuta machozi. Nilipongezwa. Kijana yule hakunyoosha mkono tena darasani kwangu hadi alipomaliza mtihani, na mimi nilijiambia kwamba ni ukimya wa umri.

Mwaka jana mjukuu wangu alinifungulia Ojwang' kwenye simu. Nilicheka kama Tarime, kisha nikapanda kiti nikalitoa sanduku la madaftari juu ya kabati. Mchezo ulikuwamo, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Nilihesabu. Mshtakiwa wangu ana mistari kumi na mmoja. Minane ni "Ndiyo, mheshimiwa." Miwili ni ile ya kulala. Mmoja ni kilio. Ojwang' alipokuwa kizimbani alibisha, alidai, aligeuza swali likamrudia aliyeliuliza, na mara nyingi hakimu ndiye aliyebaki bila jibu. Watu waliicheka "sida" yake huku wakisubiri kwa hamu atakachosema baada yake. Mimi niliichukua lafudhi nikaiacha hoja.

Nimeanza kuuandika upya. Wizi ni ule ule, mkungu ni ule ule. Mshtakiwa nimemwachia atamke apendavyo, sikuandika r wala l kwa niaba yake. Amefika ukurasa wa nne anajitetea, na hakimu ameomba maji mara mbili.