Ganda la Yai Hutoka Wapi?

Mara nyingi twaulizwa kama iko dawa ya kumfanya kuku atage mayai mengi. Twajibu ya kwamba dawa hiyo haiko. Bali viko vyakula vya kuongeza, ambavyo mtetea akivikosa hawezi kuitimiza kazi yake.

Kwanza na tulitazame ganda la yai. Katika kila sehemu 100 za ganda kavu, sehemu 94 hivi ni chokaa. Kulifanya ganda moja huchukua saa 20 hivi, nyingi zikiwa za usiku, mtetea amelala kibandani. Ikiwa chokaa haimtoshi katika chakula, huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Hutaga leo, hutaga kesho, hata mifupa hudhoofika. Maganda huwa membamba, mengine hutoka laini kama ngozi, na mwisho hukoma kutaga. Sisi twamwita mvivu, kumbe amekwisha kutoa hata akiba ya mwili wake.

Jirani yetu mmoja ni mjane, na mayai ndiyo yanayowanunulia wanawe madaftari. Kwa sababu ya maganda laini alikusudia kuwachinja mitetea wake wote sita. Tulimsihi angoje kidogo. Tukaokota makombe ufuoni mwa ziwa, tukayaosha, tukayaponda yakawa kama chenga za mahindi, tukayaweka katika chombo peke yake. Maana mtetea hujua kiasi chake, naye huyatafuta hasa jioni. Baada ya majuma mawili maganda yakawa magumu. Lakini hesabu ya mayai haikupanda mpaka mama huyo alipoongeza dagaa waliosagwa na majani ya mchicha, kwa kuwa mahindi na pumba peke yake havina protini ya kutosha kulijenga yai. Tena maji safi yasikose kamwe, maana yai lenyewe, katika sehemu zake nne, tatu hivi ni maji.

Asiye karibu na ziwa wala bahari atumie maganda ya mayai. Ayakaushe motoni na kuyaponda sana, kuku wasiyatambue wakajifunza kula mayai yao. Chokaa ya kupaka ukuta isitumike, kwa kuwa huunguza. Vifaranga wasilishwe chakula cha mitetea chenye chokaa nyingi, maana huwaharibu figo. Dagaa nao wasizidi, yai lisije likanuka samaki.

Wala tusidanganyike: kuku mzee, au aliye katika kunyonyoka manyoya, hataongeza mayai kwa sababu ya makombe. Lakini aliye kijana na mzima, akipewa haki yake, hutaga pasipo kuila mifupa yake. Basi, kabla ya kunoa kisu, na tukitazame kwanza chombo chake cha chakula.