Kiingereza cha Mtihani na Kiswahili cha Nyumbani

Mwaka juzi mdogo wangu wa kike alishindwa Mtihani wa Serikali, ule ambao sote tunauita Exetat. Alipata asilimia 47. Msomaji wa gazeti letu hahitaji kuelezwa maana ya kukosa alama tatu. Siku ile watoto wa jirani walimwagiwa poda nyeupe kichwani, nyimbo zikaanza barabarani, pikipiki zikapiga honi hadi usiku. Kwetu mlango ulifungwa mapema. Mama alisema kichwa kinamuuma. Mdogo wangu aliosha vyombo vyote vya nyumba, hata vile vilivyokuwa safi.

Baba alingoja wiki mbili kabla ya kusema neno. Kisha akatuita sote wawili. Alisema atalipa ada ya mtihani mara moja tu tena, kwa sababu kuna wengine watatu nyuma yake, na asiposhinda atakwenda sokoni kumsaidia mama kuuza. Halafu akanigeukia mimi: "Wewe unasoma lugha. Kiingereza ni lugha. Utamsomesha."

Nilinyamaza. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika. Katika ukoo wetu jambo hilo bado halijakubalika. Kila tukikutana kwenye arusi au matanga, baba mdogo huniuliza mbele ya watu: "Unasoma Kiswahili chuoni? Kwani ulikuwa hujui kusema?" Watu hucheka, nami hucheka pamoja nao. Kwa hiyo kazi ile niliipokea kwa sababu mbili. Nilitaka mdogo wangu ashinde. Nilitaka pia, kwa siri, kuonyesha kwamba miaka yangu ya chuo haikupotea.

Karatasi ya Kiingereza tunaijua. Ni maswali ya kuchagua: sentensi ina pengo, chini yake kuna majibu kadhaa, moja tu ndilo sahihi. Swali moja linadai wakati wa kitendo, jingine kiwakilishi, jingine kihusishi, jingine maana ya neno. Hakuna anayekuuliza kama unaweza kuzungumza. Mwanafunzi anaweza kumaliza sekondari bila kusema sentensi tano za Kiingereza kwa mtu aliye hai, lakini lazima ajue kati ya "cooks" na "is cooking" ni lipi linaloingia katika pengo.

Nilianza kama nilivyofundishwa mwenyewe. Nilimpa orodha ya maneno, thelathini kila siku, Kiingereza upande wa kushoto na Kifaransa upande wa kulia. Nilimwandikia kanuni kwa Kifaransa: "présent simple", "présent continu", "présent parfait". Tulisoma jioni baada ya kula, kwa bujia pale umeme ulipokatika. Baada ya wiki sita nilimpa maswali ishirini kutoka mitihani ya zamani. Alipata saba. Mtu anayebahatisha tu, mwenye majibu matano mbele yake, hutarajiwa kupata manne. Wiki sita zetu zilikuwa na thamani ya maswali matatu.

Nilimkasirikia. Yeye hakulia. Alifunga daftari akasema: "Yaya, unanifundisha sawa mwalimu wa kule shuleni. Kama ile njia ilikuwa muzuri, mwaka ule singeanguka."

Neno lile lilinikaa tumboni kwa siku kadhaa.

Jioni moja mtoto wa jirani alikuja kumuuliza mama. Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na mbabula, akipepea makala. Alijibu bila kuinua kichwa: "Mama iko anapika." Mtoto akauliza wanapika nini, labda sombe. Akajibu: "Hapana, sombe anapikaka siku ya yenga."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi yangu ya "présent simple" mkononi. "Iko anapika", "anapikaka". Kitendo kinachoendelea sasa hivi, na kitendo cha desturi. Mtoto wa kike ambaye kwa wiki sita alishindwa kutofautisha "she is cooking" na "she cooks" alikuwa ameitofautisha tofauti hiyo hiyo katika pumzi mbili, bila kosa, huku moshi ukimwingia machoni.

Wenzangu wa idara wataniambia kwamba hilo si jipya. Kiambishi -ak- cha mazoea katika Kiswahili cha Lubumbashi tumekisoma. Kitenzi "kuwa" kinachotangulia kitenzi kikuu tumekisoma pia. Ni kweli. Nilikuwa nimepata alama nzuri katika somo hilo. Lakini nilikiacha chuoni kila nilipopanda basi kurudi nyumbani, kana kwamba Kiswahili cha darasa la isimu na kile cha mbabula ni lugha mbili zisizojuana.

Usiku ule nilichora mstari mwingine katika daftari lake. Zikawa safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, na safu ya tatu niliyoiandika "ya kwetu".

Tukaanza na pale pale. Kifaransa kina "elle prépare" kwa yote mawili. Kinaweza kusema "elle est en train de préparer", lakini hakilazimishi, na mwanafunzi anayepitia Kifaransa anafika kwenye Kiingereza akiwa na umbo moja mkononi wakati anadaiwa mawili. Safu ya tatu ilikuwa na mawili. Tena "iko anapika" imejengwa karibu sawa na "is cooking": kwanza "kuwa", kisha kitenzi. Nilimwambia: ukiona pengo, sema sentensi nzima kwa Kiswahili cha nyumbani. Ukisikia "iko", tafuta "is". Ukisikia -ka mwishoni, tafuta umbo la kawaida. Alijaribu maswali kumi. Alikosa mawili tu, na yote mawili kwa sababu alisahau ile "s" ya mtu wa tatu.

Kwa "s" nilimwambia hivi: sisi tunamtaja mtenda mbele ya kitenzi, a-napika, tu-napika, ba-napika. Kiingereza kimeyaacha karibu yote, kimebaki na kimoja tu, na hicho kimoja kimekwenda kukaa nyuma. Alicheka akasema ni kama mtoto aliyechelewa shule akaketi benchi la mwisho. Tangu siku hiyo kila alipoisahau nilimwambia "benchi la mwisho", akairudisha.

Jambo la pili lilitutesa zaidi. "I have lost my key" na "I lost my key yesterday." Kifaransa cha kila siku kinasema "j'ai perdu" katika zote mbili, na kwa macho "j'ai perdu" inafanana mno na "I have lost". Ndiyo sababu darasa zima huandika "I have lost my key yesterday" kwa moyo mweupe. Hapa Kiswahili chetu cha nyumbani hakikutosha, maana kwetu -me- haina nguvu iliyo nayo katika Kiswahili sanifu. Ilibidi tutoke kidogo nyumbani, twende kwenye Kiswahili anachokisikia katika Biblia na katika nyimbo za Tanzania. "Nimepoteza ufunguo": umepotea, na sasa hivi niko nje ya mlango. "Nilipoteza ufunguo jana": ni habari ya jana, huenda nimeshaupata. Alirudia mara nyingi, "nimepoteza, nilipoteza", kisha akauliza: "Kwa hiyo 'yesterday' inakaa na -li-, haikai na -me-?" Sikuwa na kanuni bora kuliko hiyo.

La tatu ni "his" na "her". Yeye aliandika "Paul loves her mother", kwa sababu Kifaransa kinasema "sa mère" na "sa" ni ya kike. Hapa niliogopa, kwa kuwa Kiswahili hakimtenganishi mwanamume na mwanamke: "mama yake" ni ya wote. Lakini angalia "mama yake", "kitabu chake", "viatu vyake". Neno lina vipande viwili. Kipande cha mbele, y-, ch-, vy-, kinafuata kitu. Kipande cha nyuma, -ake, kinamfuata mwenye kitu. Kifaransa kinapochagua kati ya "son" na "sa" kinafuata kitu, kama kipande chetu cha mbele. Kiingereza kinamtazama mwenye kitu, kama -ake. Tulimtafuta Paul katika sentensi, tukamkuta ni mwanamume, tukaandika "his". Kiswahili hakikutupa jibu, lakini kilitupa swali la kuuliza: ni ya nani?

Nisingependa msomaji adhani kwamba safu ya tatu inafungua kila mlango. Sharti lilitupiga. Sisi tunasema "ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli", -nge- pande zote mbili. Mdogo wangu akaandika kwa uaminifu mkubwa: "If I would have money, I would buy a bicycle." Ni kosa. Kiingereza kinataka "If I had money", na hapo Kifaransa ndicho kinachosaidia, maana "si j'avais" ina wakati uliopita mahali pale pale. Kwa ukurasa huo nilimwambia afunike safu ya tatu kwa kiganja.

Na msamiati una njia zake. Kuna maneno ambayo Kifaransa ni mtego: "library" si duka la vitabu, "actually" si "sasa hivi", "lecture" si kusoma. Kuna maneno ambayo Kiswahili sanifu kimeshayachukua zamani: shati, kabati, blanketi, tiketi, na baiskeli yenyewe, ambayo kwetu tunaiita "kinga". Tulitengeneza kurasa mbili, moja ya marafiki, nyingine ya wasaliti. Ukurasa wa wasaliti ndio aliousoma kwa bidii zaidi.

Wakati wa kazi hii nilikuwa nikijiuliza kwa nini ilinichukua wiki sita na hasira moja kufika kwenye mbabula. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha kwanza, inakiweka Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia katika miaka ya mwanzo. Lakini katika shule niliyosoma mimi, aliyesikika akisema Kiswahili darasani alifagia uwanja. Nilifagia mara nyingi. Mtu akifagia vya kutosha, anajifunza kwamba anachokijua kutoka nyumbani ni uchafu wa kuachwa nje ya mlango wa darasa. Nadhani hata chuoni, huku nikiandika insha za kuitetea lugha hiyo, ufagio ule nilikuwa bado nimeushika.

Wengine watasema Kiingereza chenyewe ndicho chenye faida, kwa hiyo tusipoteze muda. Faida yake naiona. Kasumbalesa si mbali na hapa, na upande wa pili wa mpaka karatasi za forodha ni za Kiingereza. Tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini madereva wanaongoja pale mpakani, yule wa Dar es Salaam na yule wa Likasi, wakitaka kupatana bei ya sigara hawaanzi na Kiingereza. Lugha hizi tayari zinaishi pamoja barabarani. Ni darasani tu ndipo tunapozitenganisha.

Mdogo wangu alifanya mtihani mwaka jana. Siku ya lugha aliporudi, nilimngojea barazani nikiwa na maswali mengi kuliko wakaguzi. Aliniambia kitu kimoja tu: "Yaya, mule ndani nilikuwa nasema kimyakimya. Mlinzi akaniangalia, akafikiri ninasali."

Alipata asilimia 54. Poda ilimwagwa, mama alicheza, baba alinunua soda kreti nzima. Baba mdogo alikuwepo. Alinipa mkono, akasema: "Kumbe Kiingereza unakijua." Sikumsahihisha. Siku ile haikuwa yangu.

Kama mwanaisimu, lazima niseme pia kwamba sina ushahidi. Matokeo yanatoa asilimia moja ya mtihani mzima. Sijui alipata maswali mangapi ya Kiingereza. Huenda hesabu ndizo zilizomwokoa. Mwanafunzi mmoja, daftari moja, hakuna wa kulinganisha naye: mwalimu wetu wa mbinu za utafiti angeirudisha kazi hii ikiwa na mstari mwekundu, na angekuwa na haki.

Ninachojua ni kile kilichotokea kati ya maswali saba na siku ile ya sombe. Ninajua pia kwamba daftari halikurudi kwangu. Nilipolitafuta ili kuandika makala haya, nililikuta kwa mtoto wetu anayefuata, ambaye bado ana miaka miwili kabla ya zamu yake. Ameongeza safu ya nne. Juu yake ameandika "Kibemba ya bibi". Sijamuuliza bado anaitumia vipi. Nasubiri kwanza amalize ukurasa.