Ufunguo wa Shule



Barabara ya lami itokayo Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita 65 hivi. Nipitapo humo jioni, jicho langu huvutwa na madarasa yaliyofungwa na viwanja vilivyo kimya, ilhali vijana wanacheza mpira kandokando ya lami, magari yakiwapita.

Shule hizo ni mali ya nani? Zimejengwa kwa kodi zetu na kwa jasho letu. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, na katika ujenzi wa sekondari za kata uliofuata, wananchi nchini kote walichimba misingi, wakasomba mawe na mchanga, wakachanga fedha. Aliyebeba tofali kichwani hawezi kuitwa mgeni katika nyumba aliyoijenga.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watoto walipokwisha kutoka, wazazi waliingia, wakakaa katika madawati yale yale. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975, walikuwa wamepungua hadi asilimia 39 hivi. Taifa maskini halikungoja majengo mapya, lilifungua yaliyokuwepo.

Hata hivyo, tumtendee haki mwalimu mkuu. Dirisha likivunjika, dawati likipotea, au mtoto wa kike akisumbuliwa uani, yeye ndiye anayeulizwa. Ni rahisi kudai lango lifunguliwe ikiwa wewe hutaulizwa lolote kesho yake. Kwa maoni yangu, hofu yake itapungua tukigawana mzigo. Kamati ya shule na serikali ya kijiji zikae, ziandike siku na saa, nani ashike ufunguo, nani afagie, nani alipe kitasa kikiharibika. Na masomo ya watoto yatangulie daima. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, tukienda kwa mwalimu kuomba uwanja au darasa, tusiende mikono mitupu. Twende na ufagio, na majina ya watu wazima watakaokuwapo mpaka kijana wa mwisho aondoke na mlango ufungwe.