Hukumu za Majumbe katika Vijiji vya Bara Hindi

Mwalimu wa shule ni kadhi wa kila siku, ingawa hana joho wala askari. Asubuhi huletewa shauri la kalamu iliyopotea, adhuhuri shauri la tusi, na jioni shauri la kofi. Ndiyo sababu habari za majumbe wa Bara Hindi, waliopewa kuamua makosa madogo, zimenivuta sana. Nataka kuwaeleza wasomaji habari hizo, ili tupime pamoja faida yake na hatari yake.

Katika siku za utawala wa Kampuni ya Waingereza, mabaraza ya hukumu katika nchi ya Madras yalikuwa machache, tena mbali. Mtu aliyeibiwa chungu ilimpasa kuacha shamba lake na kwenda mwendo mrefu pamoja na mashahidi wake. Wengi waliona ni heri kunyamaza. Bwana Thomas Munro, aliyekaa miaka mingi akisimamia kodi za mashamba, aliona ya kuwa neno dogo laamuliwa vema palepale lilipotendeka. Mwaka 1814 aliwekwa mkuu wa halmashauri ya kutengeneza mambo ya hukumu, na mwaka 1816 sheria mpya zikatolewa.

Kwa Sheria ya 11 ya mwaka huo, jumbe alifanywa mkuu wa ulinzi kijijini. Akiletewa shauri la matusi au la kupigana kidogo, aliweza kumwachilia mshtakiwa, au kumfungia katika nyumba ya wageni ya kijiji kwa muda usiozidi saa 12. Mwaka 1821 akaongezewa wizi mdogo, wa mali isiyopita thamani ya rupia 1. Kadhalika katika nchi ya Bombay, sheria ya mwaka 1867 ilimpa jumbe, aliyeitwa patel, ruhusa ya kumzuia mtu muda usiozidi saa 24 kwa tusi au ugomvi mdogo.

Faida yake yaonekana wazi. Jumbe aliwajua watu wake: huyu mgomvi tangu ujana, yule msingiziaji. Shauri lilikwisha siku ile ile, na mwenye kudhulumiwa hakupoteza mavuno yake kwa ajili ya chungu kimoja.

Walakini sheria ile ile ya 1816 ilikuwa na neno jingine. Mkosaji wa matabaka ya chini, yaani watu waliohesabiwa wanyonge tangu kuzaliwa, aliweza kutiwa miguu katika mkatale mpaka saa 6, mbele ya macho ya wapitaji. Wa tabaka la juu hakutiwa, kwa kuwa aibu ile ilidhaniwa haimfai. Kosa ni moja, tusi ni moja, lakini adhabu ilipimwa kwa ukoo. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Saa sita hupita upesi, lakini mtoto aliyemwona baba yake katika mkatale hakusahau.

Tena, jumbe ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyekamata, na ndiye aliyehukumu. Na mara nyingi cheo kilirithiwa na mwanawe. Mnyonge akidhulumiwa naye, amshtaki kwa nani?

Bara Hindi ilipata uhuru mwaka 1947, na Katiba yake ya mwaka 1950 ikakataza kumbagua mtu kwa tabaka lake. Mwaka 1980 serikali ya Tamil Nadu iliviondoa vyeo vya kurithi vya vijijini. Lakini haja ya Munro haikuondoka pamoja navyo, maana mwaka 2008 ilitungwa sheria ya mabaraza ya vijijini, yenye mahakimu waliosomea sheria, wanaotakiwa kuwafuata watu huko waliko.

Basi, haki ikikaa mbali, maskini haifikii. Lakini ikikaa karibu mikononi mwa mtu mmoja asiyeulizwa neno, maskini haikimbilii, huikimbia.