Kinango: Kaya, Reli na Baraza

Mtu atokaye Kwale kwenda Kinango huyaacha nyuma yake misitu ya Shimba Hills, akateremka katika nchi kame. Minazi hupungua, na mahali pake huingia vichaka vya miiba, mibuyu, na makundi ya ng'ombe na mbuzi. Hiyo ndiyo nchi ya Waduruma, mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda. Mvua yake si ya kutegemewa. Mahindi yakinyauka, mifugo ndiyo akiba ya nyumba.

Kabla ya kuwako afisi yo yote ya serikali, nchi hii ilikuwa na makao yake ya utawala, nayo ni kaya. Kaya ilikuwa mji uliozungukwa na msitu mnene, wenye njia nyembamba za kuingilia. Humo wazee walikata mashauri, na humo humo yalifanywa maombi ya mvua. Hukumu na ibada zilikaa chini ya kivuli kimoja. Baadaye watu walihama kutafuta mashamba na malisho, lakini miiko ilibaki: haikatwi miti, wala hailishwi mifugo ndani yake.

Upande wa magharibi, kando ya reli, upo mji wa Mackinnon Road. Hapo pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyetoka Bara Hindi kufanya kazi ya reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Husimuliwa kwamba karai lake la mizigo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wa Nairobi na Mombasa, hata wasio Waislamu, husimama hapo kuomba safari njema. Mji huo huo umeleta ubishi wa mpaka kati ya Kwale na Taita Taveta, maana penye mji pana ushuru.

Kwa Katiba ya mwaka 2010, Baraza la zamani la Kwale liliondoka, na mwaka 2013 Serikali ya Kaunti ikashika kazi. Jimbo la Kinango lina wadi saba, na kila wadi humchagua mwakilishi wake. Maji, zahanati, shule za chekechea na barabara ndogo ni mzigo wa kaunti. Makaya nayo, yaliyoanza kutangazwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, hutunzwa na wazee pamoja na Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 Kaya Duruma iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani.

Lakini cheti cha urithi hakimshibishi mtu. Ukame ukizidi, kijana asiye na kazi huutazama mti akaona gunia la makaa. Kule Kinondo wageni hulipa ada, hufungwa kaniki, na kutembezwa na wenyeji. Hivyo msitu huwapa watu riziki ukiwa umesimama. Kinango haina hoteli za ufukweni, basi hapana budi itafute njia yake: maji karibu na vijiji, miche ya kuni, na kazi za ulinzi kwa vijana. Mwakilishi ana bajeti, mzee ana heshima. Kila mmoja akikaa peke yake, shoka litawapita wote wawili. Wakikaa baraza moja, msitu utapona.